Moshi wa Pori Una Mwenyewe

Katika mji wetu wa Likasi kuna jambo moja la kila mwaka ambalo watu hawaliulizi. Mvua inakwisha, majani yanakauka. Mwezi wa 6 baridi ya usiku inaingia, na mwezi wa 7 tunaanza kuona mistari ya moto juu ya vilima. Kufika mwezi wa 9 jua linachomoza jekundu kama shaba, vilima vya ng'ambo havionekani, majivu meusi ya nyasi yanaanguka juu ya nguo zilizoanikwa, na watoto wanakohoa nyumba hata nyumba. Ukiuliza sababu, utajibiwa: "Ni kiangazi." Basi, neno limekwisha, kana kwamba moshi hushuka kutoka juu kama umande.

Mimi sikubali jibu hilo. Kiangazi hakiwashi moto. Ziko nchi ambako radi huchoma misitu, lakini kwetu radi huja na mawingu ya mvua, na katikati ya kiangazi hakuna mawingu ya namna hiyo. Kwa hiyo karibu kila moto unaouona mwezi wa 7, wa 8 na wa 9 uliwashwa na mkono wa mtu. Mkono huo una jina, una kijiji, una mtaa. Moshi wa pori una mwenyewe.

Najua wengi watanikatiza hapa. Watasema: "Kwa nini kututazama sisi maskini? Sisi tunakaa Shituru na Panda, karibu na viwanda. Malori ya madini yanatutia vumbi mchana na usiku. Nendeni kwanza kuwaambia wenye viwanda." Maneno hayo ni ya haki, wala siyadharau. Mwaka 2020 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kuchunguza watoto waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na kilema. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusu madini. Wenye viwanda wanayo hesabu ya kutoa, nao waitoe.

Lakini moshi mmoja haufuti mwingine. Mapafu hayachagui. Hayasemi, "Huu ni moshi wa nyasi za babu zetu, tuuache upite, ule ni wa kiwanda, tuuzuie." Yote huingia kwa mlango mmoja.

Angalieni mambo yaliyowapata watu wa Ulaya. Mwanzoni mwa mwezi wa 12 mwaka 1930, katika bonde la mto Meuse huko Ubelgiji, ukungu wa baridi ulikaa siku chache bila kuondoka, ukafunika moshi wa viwanda kama kifuniko kinavyofunika chungu. Watu zaidi ya 60 walikufa kwa siku hizo chache. Mwaka 1952, mwezi huo huo wa 12, jambo kama hilo likafika London. Kwanza walihesabu watu 4,000 waliokufa. Wachunguzi waliofuata wakasema karibu 12,000. Na moshi ule wa London ulitoka wapi? Ulitoka viwandani, ndiyo, lakini ulitoka pia katika mahali pa moto pa kila nyumba, ambapo watu wa kawaida walikuwa wakichoma makaa ya mawe ili wapate joto. Ndiyo maana sheria ya hewa safi iliyotungwa Uingereza mwaka 1956 haikushika viwanda tu. Ilishika na jiko la mwananchi. Waingereza walikubali kwamba adui mmoja alikuwa kiwandani na mwingine alikuwa nyumbani mwao. Sisi je?

Sasa tuangalie moshi wenyewe ni kitu gani. Watu hudhani kwamba moshi ni kama mvuke, unapita na kwisha. Sivyo. Moshi ni hewa iliyobeba gesi za sumu pamoja na chembe ndogo mno za vitu vilivyoungua nusu. Yale majivu unayoyaona yakianguka si hatari kubwa, kwa sababu pua na koo huyakamata, nawe unayatema. Zenye hatari ni chembe zisizoonekana. Wataalamu huzipima kwa maikromita, na zile wanazoziogopa zaidi hazizidi maikromita 2.5. Ung'oe unywele mmoja wa kichwa chako uutazame: ungehitaji kupanga chembe kama hizo karibu 30 ili kujaza upana wa unywele huo.

Chembe ndogo namna hiyo hazikamatwi na pua. Zinashuka mpaka vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, pale ambapo damu hupokea hewa safi. Hapo zinaleta uvimbe. Nyingine hupita na kuingia katika damu yenyewe. Kwa hiyo moshi hauharibu kifua tu. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anazidiwa siku za moshi, na mwenye shinikizo la damu anaweza kupata kiharusi. Mwenye pumu anakosa pumzi, na mtoto mchanga ambaye kifua chake hakijakomaa anashikwa na nimonia kwa urahisi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2021 kipimo chake kipya: kwa muda wa siku moja, chembe hizo zisipite mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Huko Kinshasa, vipimo vilivyotangazwa mwaka huo huo vilionyesha hewa yenye chembe nyingi mno kupita kiasi, na nyingi zaidi wakati wa kiangazi.

Labda utasema kwamba babu zetu walivuta moshi huo wakaishi. Waliishi wale walioishi. Waliokufa wakiwa wachanga hawapo kutuambia neno. Hapa ningependa nikueleze kazi ya mwanamke mmoja, kwa sababu inanifundisha kuliko hotuba nyingi.

Mwaka 1997 misitu ya Indonesia iliwaka kwa miezi mingi. Moto ule nao uliwashwa na watu waliotaka kusafisha ardhi kwa kilimo, na ukame ukauzidisha. Moshi ulifunika sehemu kubwa ya visiwa vya upande ule. Baadaye mtaalamu wa uchumi, jina lake Seema Jayachandran, akauliza: Je, moshi ule uliua watoto wangapi? Hakuna aliyeandika vifo hivyo. Mtoto mchanga akifa kijijini, wazazi humzika na kulia, na hakuna karatasi. Basi akatafuta njia nyingine. Alichukua sensa ya Indonesia ya mwaka 2000, akatazama watoto wa kila mwezi wa kuzaliwa, mahali kwa mahali. Akaona kwamba palipokuwa na moshi mwingi, watoto waliokuwa tumboni au wachanga wakati ule walikuwa pungufu. Walipaswa kuwapo, lakini hawakuwapo. Hesabu yake, aliyoitangaza mwaka 2009, ilifika watoto 15,600 waliokosekana.

Akaona na mambo mengine mawili. La kwanza, waliodhurika zaidi ni wale waliokuwa bado tumboni mwa mama. Mama alivuta, mtoto akalipa. La pili, katika sehemu za watu maskini hasara ilikuwa kubwa kupita sehemu za wenye mali, ijapokuwa moshi ulikuwa ule ule. Mwenye nyumba nzuri hufunga madirisha. Mwenye nyumba ya matofali mabichi yenye paa la nyasi atafunga nini?

Na mtoto asiyekufa, je, anatoka salama? Huko Davis, katika jimbo la California, Marekani, kuna kituo ambamo kima hufugwa kwa ajili ya uchunguzi, wengi wao katika nyua za nje. Mwaka 2008, mwezi wa 6 na wa 7, moshi wa misitu iliyokuwa ikiwaka ulifika mpaka pale na kukaa siku nyingi. Kima waliokuwa wamezaliwa miezi michache kabla waliuvuta. Hakuna aliyepanga jambo hilo, lilitokea tu. Wachunguzi wakawaweka wale wachanga alama, wakawapima walipofika miaka 3 hivi, wakawalinganisha na wenzao waliozaliwa mwaka 2009, ambao hawakuvuta moshi ule. Mapafu ya wale wa mwaka 2008 yalikuwa madogo na magumu zaidi, na chembe za damu zinazopigana na magonjwa zilikuwa dhaifu. Moshi wa siku zile chache ulikuwa umebaki ndani yao miaka 3. Mtoto wetu hapa Likasi hapati siku chache. Anapata miezi mitatu kila mwaka, tena anaanza upya mwaka unaofuata.

Mwisho wa mwaka 2024 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapisha hesabu ya dunia nzima. Wachunguzi walikadiria kwamba tangu mwaka 2000 mpaka 2019, moshi wa mioto ya misitu, mapori na mashamba ulihusika na vifo karibu milioni 1 na nusu kila mwaka. Katika kila vifo 10, zaidi ya 9 vilikuwa katika nchi zenye mali kidogo au ya kadiri. Wakataja nchi tano zenye mzigo mkubwa kuliko zote: China, Kongo yetu, India, Indonesia na Nigeria. Someni tena majina hayo. Mara nyingi magazeti ya ulimwengu yakitaja moto wa misitu, yanaonyesha nyumba za California na Australia zikiungua, nasi tunawahurumia watu wale. Ni vizuri kuhurumiana. Lakini katika ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka, karibu sehemu 7 katika 10 ziko Afrika, na nchi yetu ni mojawapo ya zile zinazowaka zaidi.

Wala usidhani kwamba moshi wetu haujulikani. Tangu mwaka 2000 setelaiti ya Wamarekani iitwayo Terra imekuwa ikipita juu na kuona mioto mikubwa, mchana na usiku. Mwezi wa 9 mwaka 2000 wataalamu wa nchi nyingi walikusanyika kusini mwa Afrika kwa kazi iliyoitwa SAFARI 2000. Wakaona moshi wa mioto mingi ukikusanyika na kutiririka kama mto angani mpaka Bahari ya Hindi. Kati ya mwaka 2016 na 2018 ndege za NASA ziliruka kutoka Namibia, kisha kutoka kisiwa cha São Tomé, ili kupima moshi wa Afrika ya kati na ya kusini unaopelekwa na upepo juu ya bahari ya Atlantiki. Walitaka kujua unafanya nini kwa mawingu. Ni kazi nzuri, nami siwalaumu. Lakini nawaza: mawingu ya baharini yamepelekewa ndege; kifua cha mtoto wa Kikula kimepelekewa nini?

Turudi sasa kwa mikono inayowasha. Wako watu wa namna nyingi, na haifai kuwahukumu kwa neno moja.

Yuko mkulima anayesafisha shamba kabla ya mvua. Huyu ana jembe moja na mikono miwili, na nyasi zimempita kimo. Moto ndio mtumishi wake wa pekee. Yuko mtu wa makala, anayekata miombo, kuipanga, kuifunika kwa udongo na kuiacha ifuke siku nyingi. Moshi wa tanuru lake ni mbaya sana, na yeye ndiye wa kwanza kuuvuta, kwa kuwa analala karibu nalo kulilinda. Lakini mimi na wewe ndio tunaonunua magunia yake. Nyaya za umeme wa Mwadingusha na Koni zinapita katika nchi yetu, na chini yake akina mama wanapuliza mbabula. Asiye na umeme wa kupikia asimtukane muuza makala, na aliye nao amtukane kidogo tu.

Ninaowalaumu bila kusita ni wengine. Ni yule anayechoma kilima kizima ili afukuze panya wa pori wa kutosha chakula cha siku mbili, kisha anakwenda zake bila kutazama nyuma. Ni kijana anayetupa kiberiti kandokando ya njia kwa sababu anafurahi kuona moto ukikimbia. Ni yule anayechoma takataka za plastiki uani, mlangoni pa jirani yake mwenye mtoto wa wiki mbili. Watu hawa hawapati faida inayolingana hata kidogo na mateso wanayoyatoa.

Wazee hupenda kusema kwamba kuchoma ni desturi, na kwamba pori lisipochomwa linakuwa na nyoka. Wazee wetu, tunawaheshimu. Lakini desturi ya zamani ilikuwa na akili ndani yake: watu walichagua wakati. Ng'ambo ya mpaka wetu, huko Ndola katika Zambia, mtaalamu wa mimea jina lake Trapnell alitangaza mwaka 1959 matokeo ya majaribio yaliyoanza mwaka 1933. Walikuwa wamegawa pori la miombo, pori kama letu kabisa. Sehemu moja walikataza moto. Sehemu ya pili walichoma mapema kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na maji kidogo. Sehemu ya tatu walichoma mwishoni mwa kiangazi, vitu vyote vikiwa vikavu kama karatasi. Mahali pasipochomwa msitu ulizidi kuwa mnene. Palipochomwa mapema miti ilibaki. Lakini palipochomwa mwisho wa kiangazi miombo iliangamia mwaka baada ya mwaka, pakabaki nyasi na miti michache isiyojali moto.

Basi, mwenye kuchoma mwezi wa 9 anaharibu mara mbili. Anapeleka moshi mwingi kuliko wote katika vifua vyetu, wakati ambapo hewa imekwisha kujaa moshi wa wengine. Tena anaua miti inayotupa makala, asali, uyoga na vinkubala. Kisha tunashangaa kwamba vinkubala vimekuwa ghali sokoni!

Nisidanganye mtu: hata moto wa mapema una moshi. Kwa kweli nyasi zenye maji, mzigo kwa mzigo, hutoa moshi mwingi kuliko zilizokauka. Lakini moto wa mapema hauendi mbali. Unakufa wenyewe usiku kwa sababu ya umande, unaacha viraka visivyoungua, na viraka vilivyoungua vinauzuia moto mkubwa wa baadaye. Kwa hiyo nasema hivi: afadhali tusichome. Ikiwa lazima tuchome, iwe mwezi wa 5 au mwanzo wa wa 6, siku isiyo na upepo, watu wengi wakisimama na matawi mabichi mikononi, na jirani wakiwa wamepewa habari. Kuzunguka nyumba na mashamba tulime njia tupu, upana wa hatua 5 au 6, ili moto wa wengine usipate daraja. Na nyasi za shambani zinaweza kuozeshwa ziwe mbolea. Ni kazi, najua. Lakini majivu yanachukuliwa na upepo na mvua, na mbolea inabaki.

Msingoje sheria. Karatasi ya serikali haizimi moto wa Kambove wala wa hapa. Chifu, wazee na vijana wakikaa pamoja mwezi wa 4 na kupatana juu ya siku ya kuchoma na watu wa kulinda, jambo hilo lina nguvu kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Enyi akina mama na akina baba, siku za moshi mwingi mfanye nini? Fungeni milango na madirisha ya upande unakotoka upepo, mfungue moshi unapopungua. Wachanga, wajawazito na wazee wasikae nje bure, na watoto wasikimbizane. Pikeni nje au mahali penye hewa, kwa kuni zilizokauka, na mchanga asifungwe mgongoni mwa mama anapopika. Kitambaa kilicholoweshwa maji huzuia majivu tu, chembe ndogo hupita ndani yake kama inzi katika wavu wa samaki. Kinachozuia ni kinyago cha namna ya N95, kilichobana vizuri usoni. Mwenye kukipata akitumie. Wako wanaosema kwamba maziwa yanaosha mapafu. Maziwa ni chakula kizuri, mnywe, lakini yanakwenda tumboni. Hayana njia ya kufika kifuani.

Jambo moja nalisema kwa nguvu kwa sababu ya baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Msiingize mbabula chumbani mnamolala. Makala yanayowaka bila moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko hewa ya uzima inavyoshikamana nayo. Mtu hasikii kitu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unazidi, na asubuhi jirani wanavunja mlango. Ongezeni blanketi, laleni watoto pamoja, lakini moto ubaki nje.

Na mtoto akikohoa, msingoje moshi uishe. Mfunueni kifua, mhesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mchanga ambaye hajafika miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi. Wa miezi 2 mpaka 11, mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka 5, mara 40 au zaidi: huyo mleteni siku hiyo hiyo. Kama pale chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, njoni hata usiku. Mtu mzima anayekohoa wiki 2 au zaidi asijifariji kwa kusema, "Ni moshi tu." Aje apimwe makohozi, maana kifua kikuu nacho hupenda kujificha nyuma ya moshi.

Neno la mwisho ni kwa wale wenye kalamu. Mnakumbuka yule mwanamke aliyehesabu watoto waliokosekana Indonesia. Aliweza kwa sababu nchi ile ilikuwa na sensa. Katika Kongo sensa kamili ya mwisho ilifanywa mwaka 1984. Mtoto aliyekosekana kwetu hakosekani katika karatasi yo yote, maana hakuandikwa. Ndiyo sababu hesabu za dunia juu yetu hutegemea setelaiti na makadirio, na mtu asiyependa kusikia anaweza kusema si kweli.

Wako vijana wetu wanaosoma Lubumbashi, kilomita 120 tu kutoka hapa, udaktari na afya ya watu. Mmoja wao atatafuta siku moja jambo la kuchunguza ili apate shahada yake ya juu. Ningependa achunguze moshi huu, naye akija atuulize: "Mliona nini?" Tusimjibu kwa mikono mitupu. Hospitali na zahanati zote zina vitabu vya wagonjwa, vyenye tarehe, umri na ugonjwa. Visitupwe, visifungiwe samaki sokoni. Na katika kila mtaa, mwalimu au mzee wa kanisa au kijana mwenye mwandiko mzuri anaweza kuchukua daftari moja na kuandika kila asubuhi saa 1, tangu mwezi wa 5 mpaka mvua ya kwanza: tarehe, kilima fulani kinaonekana vizuri, kidogo, au hakionekani, kuna moto upande gani, ni watoto wangapi wa njia yetu wanaokohoa, nani amezaliwa, na nani amezikwa. Kilima kiwe kile kile, saa iwe ile ile. Daftari la kurasa 100 linatosha kiangazi kimoja, na kalamu moja.